SURA YA TANO: Mshale Unaotembea Wenyewe

Jumamosi moja usiku, umeme umerudi baada ya kukatika tangu magharibi, nilikuwa jikoni nikitafuta vitumbua vilivyobaki. Binti yangu wa darasa la sita alikuwa sebuleni kwenye kompyuta ya mezani, anamalizia kazi ya shule iliyotakiwa Ijumaa.

"Baba, ni wewe unaichezea?"

"Naichezea nini?"

"Kompyuta. Inajiendesha."

Nilimkuta ameinua mkono juu kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Kipanya kimelala mezani, hakuna anayekigusa, na kwenye kioo mshale unatembea. Haukuwa unarukaruka kama inavyokuwa kipanya kikiingia vumbi. Ulitembea kwa adabu, kama mtu. Ulifungua diski D, ambako tumeweka picha za harusi ya shemeji yangu na mitihani ya zamani ya binti, ukatulia pale kitambo, ukatoka. Ukafungua folda nyingine, ukatulia tena. Aliyekuwa anausukuma alikuwa kama mgeni aliyeelekezwa nyumba ya pili akaingia ya tatu, sasa amesimama katikati ya sebule anashangaa makochi.

Niling'oa waya wa intaneti. Mshale ukaganda papo hapo.

Kung'oa waya ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa usiku ule. Mengine yote yalikuwa papara. Niliurudisha waya baada ya dakika kumi, nikaketi kwenye kompyuta ileile nikabadilisha nywila ya barua pepe, kisha ya benki. Yaani kama kweli kulikuwa na mtu anatazama kioo changu, nilimsomea nywila mpya kwa sauti. Nywila hubadilishwa kwenye chombo kingine: simu, tena iliyo kwenye bando lake yenyewe, si kwenye waifai ya nyumba. Nililijua hilo siku zote. Nimewahi hata kumfundisha mtu. Ila hofu ina namna yake ya kumsahaulisha mtu kazi yake.

Mtu anaponiambia "nahisi kuna mtu kwenye kompyuta yangu," kwanza namuuliza ana maana gani, kwa sababu watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni jirani aliyeipata nywila ya waifai anapakua filamu kwa bando lako. Huyo yuko uani, anachota maji kwenye bomba lako. Ni kero na ni hasara, lakini hajaingia chumbani. La pili ni mtu aliye ndani ya kompyuta yenyewe, anayeona unachoandika na kufungua makabati. Njia za kuwatafuta hawa wawili ni tofauti, na mwenye kumtafuta wa pili kwa njia za wa kwanza atakesha bure. Mimi nilikuwa na wa pili.

Kwenye Windows, pale chini unapotafutia programu, andika cmd. Litafunguka dirisha jeusi ambalo watu wengi hulijua kwenye sinema tu. Funga kwanza kivinjari na kila programu unayoijua, kisha andika netstat -ano na ubonyeze Enter. Itamiminika orodha ndefu, na ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu hata kompyuta safi kabisa hutoa mistari kwa makumi. Yangu ilitoa 43. Hii ni mitatu ya namna utakayoiona:

TCP 0.0.0.0:445 0.0.0.0:0 LISTENING 4
TCP 127.0.0.1:49670 127.0.0.1:49671 ESTABLISHED 3344
TCP 192.168.1.7:50412 203.0.113.25:443 ESTABLISHED 6120

Kila mstari ni mazungumzo, au nia ya mazungumzo. Anwani ya kwanza ni yako, ya pili ni ya upande wa pili, na namba baada ya nukta pacha ni mlango uliotumika. LISTENING maana yake kuna programu imekaa barazani inasubiri mtu apige hodi. Haina maana kwamba mtu amekuja. ESTABLISHED maana yake mgeni ameshaketi na mazungumzo yanaendelea. Utakutana pia na TIME_WAIT: mgeni ameaga, amevaa viatu, mlango haujarudishiwa tu. Mstari wowote wenye 127.0.0.1 pande zote mbili uruke, hiyo ni kompyuta inazungumza yenyewe, kama bibi anayepika. Namba ya mwisho kabisa ni kitambulisho cha programu inayohusika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, nenda kwenye orodha ya kina utafute namba hiyo, utapata jina. Anayetaka majina moja kwa moja alifungue lile dirisha jeusi kwa haki za msimamizi, kisha aandike netstat -b.

Nilipokuwa kijana tulifundishwa kuogopa LISTENING. Kulikuwa na sababu. Mwaka 1998 kundi la Kimarekani liitwalo Cult of the Dead Cow lilitoa programu ya kuendesha kompyuta ya mtu ukiwa mbali, ikawa inasubiri kwenye mlango namba 31337, na kompyuta nyingi za wakati ule zilikuwa zimekaa uchi kwenye intaneti, kila moja na anwani yake ambayo yeyote duniani angeweza kuigongea. Siku hizi nyumba nyingi ziko nyuma ya ruta, na kampuni nyingi za simu huwaweka wateja lukuki nyuma ya anwani moja. Mtu wa nje akigonga, hajui hata anamgongea nani, na ruta haimfungulii. Kwa hiyo mwizi amebadili mtindo. Hagongi tena. Anahakikisha kuna kitu chake ndani ya nyumba, kisha kile kitu ndicho kinachompigia simu. Ruta ikiona simu inatoka ndani haiulizi swali, ndiyo kazi yake. Na simu hiyo mara nyingi hupita mlango 443, mlango uleule unaopitiwa na benki, barua pepe na YouTube. Ndiyo maana kutazama anwani na milango peke yake hakutakusaidia sana. Kinachotafutwa ni jina la programu inayopiga simu ilhali wewe umefunga kila kitu.

Na kitu hicho huingiaje ndani? Mara chache kwa ufundi wa ajabu. Tunakibeba wenyewe. Windows ya kukraki inayogawiwa kwa flashi huja na kijiprogramu cha kuifungua, na maelekezo yake ya kwanza mara nyingi ni kuzima kinga ya virusi kabla ya kuendelea. Nimewaona watu wazima, wenye geti la chuma na mlinzi wa usiku, wakitii maelekezo hayo bila kuuliza.

Turudi kwangu. Kati ya mistari 43, baada ya kuondoa ya barazani, ya kujisemea na ya Windows yenyewe, ilibaki minne. Miwili ilikuwa ya programu ya kuhifadhi picha. Mmoja ulikuwa wa kinga ya virusi. Wa nne ulikuwa wa programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, zile ambazo mafundi hutumia kukutengenezea mashine bila kupanda daladala. Inafaa kujua kwamba programu hizi huonyesha ESTABLISHED hata pale ambapo hakuna mtu ndani: huwa zimeshikana mkono muda wote na seva ya kampuni yake, kama bawabu anayesubiri kuambiwa nani anakuja. Uzuri wake ni kwamba bawabu huyu huandika. Ndani ya folda za programu kuna faili la maandishi linaloorodhesha waliopita, siku na saa. Nililifungua. Jumamosi, saa nne na dakika kumi na moja usiku, ameingia mtu. Jina hakuna, kuna tarakimu tisa tu, ambazo ndizo kitambulisho cha kompyuta aliyotokea.

Nani? Mwezi wa tatu kuna fundi aliyewahi kunirekebishia printa kwa njia hiyo. Nilimpigia. Simu imezimwa. Nikajaribu asubuhi. Imezimwa. Jumapili nzima nikakaa na tarakimu tisa, na mtu akikaa na tarakimu zisizo na mwenyewe, lazima amkumbuke Clifford Stoll.

Stoll alikuwa mwanafalaki. Mwaka 1986 fedha za utafiti wake zilikwisha, akahamishiwa kwenye chumba cha kompyuta cha maabara ya Lawrence Berkeley, California. Kazi aliyopewa mwanzoni ilikuwa ya kumchosha mgeni kazini: hesabu za matumizi zilikuwa na tofauti ya senti 75. Siku hizo muda wa kompyuta ulilipiwa, kila mtumiaji na ankara yake, na mahali fulani mtu alikuwa ametumia sekunde chache bila kulipa. Mhasibu mwenye busara angeweka senti 75 zake mezani akaenda kula. Stoll alichimba, akakuta jina la mtumiaji lisilo na wa kumtumia ankara. Akalifuta. Halafu ikaja lalamiko kutoka kwingine kwamba kuna mtu wa Berkeley anajaribu kuvunja kompyuta yao, naye alikuwa anatumia jina la mfanyakazi ambaye alishahamia Uingereza.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni vifaa. Stoll hakuwa na programu ya kunasa wadukuzi, kwa sababu hazikuwapo. Mwishoni mwa wiki, wenzake wakiwa makwao, alizunguka maofisini akakusanya printa na vituo vya kompyuta vipatavyo 50, akaviunganisha kwenye laini za simu zilizoingia maabara, akalala sakafuni katikati yake. Asubuhi printa moja ilikuwa imetapika mita kwa mita za karatasi: kila herufi aliyoandika mgeni wake, na kila alichojibiwa. Mgeni alikuwa ametumia kasoro ya programu ya kuandikia kujipandisha cheo, akawa bwana mkubwa wa mashine nzima.

Mimi niling'oa waya. Stoll aliamua kuuacha, na kwa karibu mwaka mzima alimwangalia mtu yule akiingia na kutoka, akitafuta maneno kama "nyuklia" kwenye kompyuta za kijeshi. Siku moja mgeni alipoanza kunakili kitu nyeti, Stoll alichukua funguo zake za mfukoni akazigusisha kwenye nyaya ili laini ipige kelele. Yule wa upande wa pili akadhani ni simu mbovu tu. Kumfuata hadi kwake ilikuwa ngoma. Alama zilitoka California zikaenda Virginia, zikavuka bahari hadi Ujerumani, Bremen, kisha Hannover, na huko mitambo ya simu ilikuwa ya kizamani, ikimlazimu fundi kufuatilia swichi moja baada ya nyingine kwa mkono. Mgeni alikuwa anakata simu kabla fundi hajafika. Ndipo Stoll na mchumba wake wakabuni mradi wa kijeshi usiokuwapo, na katibu muhtasi asiyekuwapo, na mafaili marefu yaliyojaa urasimu mtupu. Mdukuzi akaketi kuyasoma, na alivyokuwa anasoma, swichi zikafuatiliwa. Alikuwa Markus Hess, na alichokipata alikuwa anakiuza kwa KGB, majasusi wa Kisovieti. Mwaka 1990 yeye na wenzake wawili walihukumiwa vifungo vya nje.

Hess alijaribu kompyuta zipatazo 450 na akafanikiwa kuingia zaidi ya 30. Kwa sehemu kubwa hakuvunja kitu. Alijaribu majina na nywila ambazo kiwanda kiliziacha kwenye mashine na mwenye mashine hakuzibadilisha, basi.

Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, nikaamua walau niihesabu nyumba yangu. Chini ya ruta kuna karatasi iliyogundishwa: anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, jina na nywila. Ukiiandika kwenye kivinjari unapata ukurasa wa ruta, na ndani yake orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Nilimwita binti akae na daftari.

"Simu ya mama?"

"Ipo."

"Runinga?"

"Ipo. Baba, hii yenye E mwanzoni ni ya nani?"

Kila chombo kina namba ya kiwandani yenye herufi na tarakimu 12, na sita za mwanzo humtaja mtengenezaji. Zamani ungeweza kuitumia kumkamata jirani. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hujitungia namba ya bandia kwa kila mtandao ili zisifuatwe, kwa hiyo simu ya mkeo inaweza kuonekana kama mgeni kutoka mwezini. Kuna alama ya kuitambua: kama herufi ya pili ya namba hiyo ni 2, 6, A au E, namba imetungwa, haikutoka kiwandani. Njia ya uhakika zaidi ni ya kizamani: zima kimoja kimoja, tazama nani anatoweka kwenye orodha. Tulipata vyombo 11. Cha kumi kilitutoa jasho hadi binti alipokumbuka swichi ya taa ya uani ambayo mdogo wangu alituletea, inayowashwa kwa simu.

Cha 11 kilikuwa kamera ya getini, na hapo niliona haya. Nywila yake ilikuwa ileile iliyotoka nayo kwenye boksi. Miaka 30 baada ya Hess, mwaka 2016, vijana watatu wa Kimarekani, ambao walianza na ugomvi wa kibiashara kwenye mchezo wa Minecraft, waliandika programu waliyoiita Mirai. Kazi yake ilikuwa kuzunguka intaneti ikijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta za watu. Jozi 60 tu. Zilitosha kukusanya jeshi la mamia ya maelfu ya vyombo, na Oktoba mwaka huohuo jeshi la namna hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza vivinjari kwenye anwani za tovuti, na tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Kamera zao ziliendelea kuonyesha geti.

Nikabadilisha nywila ya kamera, ya ukurasa wa ruta, na ya waifai. Nikazima pia WPS, ile njia ya kuunganisha kwa namba ya siri. Namba hiyo ina tarakimu nane, na mtu angedhani ni majaribio milioni mia. Lakini ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta huzikagua zilizobaki kwa mafungu mawili, la kwanza kisha la pili. Mtafiti Stefan Viehböck alionyesha mwaka 2011 kwamba yanatosha majaribio 11,000. Kwa kompyuta, hiyo ni kazi ya saa chache.

Jumatatu nikaenda kwa fundi. Kibanda chake kiko nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki, meza moja, kompyuta mpakato nne zimefumuliwa, feni inapuliza skrubu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jumamosi saa nne usiku ulikuwa wapi?"

Alitazama juu akihesabu. Halafu akacheka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ilikuwa kwako? Mzee, nisamehe. Kuna mama ana duka la dawa, mfumo wake wa stoo uligoma. Nikaingia, natafuta folda ya stoo, naona picha za harusi. Nikasema huyu mama mbona duka lake lina maharusi. Halafu ikakatika."

"Na simu?"

"Ilidondoka kwenye maji jana yake. Niko na hii ya kuazima."

Nilimwambia atazame kitambulisho chake. Tarakimu tisa zililingana. Mwezi wa tatu, ili asinisumbue kila mara kumfungulia, aliweka nywila ya kudumu kwenye ile programu, printa ikapona, nikamlipa, tukaagana. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya 2018, na zote mbili zinamtia hatiani anayeingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa. Lakini ruhusa nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, na hakuna siku niliyoiondoa. Kama ningekwenda polisi ningeeleza nini?

"Nitoe," nilimwambia.

Aligeuza kompyuta yake nione. Ilikuwa orodha ya majina, ameyaandika mwenyewe: Mama Dawa, Shule ya Kiingereza, Hajjat Mikopo, Mzee Printa. Mzee Printa ni mimi, mara tu chini ya Mama Dawa, na nikaona kidole kilivyoteleza. Alinibofya, akanifuta, akanionyesha kwamba nimefutika. Nikampa mkono. Nilipokuwa nanyanyuka niliitazama tena ile orodha. Kando ya jina la kila kompyuta iliyowashwa muda ule kulikuwa na kidoti cha kijani. Nilihesabu hadi 17, halafu akaviringisha kipanya, na vingine vikapanda kutoka chini.